Usiniambie Nizime Niwashe

Wacha nianze na hesabu. Kutoka mwezi wa pili hadi mwezi wa tano mwaka huu, kastoma kea wameniambia "zima ruta, hesabu hadi 30, kisha uwashe" mara 19. Najua ni 19 kwa sababu nilifika mahali nikaanza kuandika. Na katika hizo mara 19, hakuna hata siku moja niliulizwa swali ambalo daktari wa zahanati yoyote angeuliza kwanza: "Huwa inaanza saa ngapi?"

Leo sina maneno matamu. Nataka kutoa kitu ambacho kimenikaa kooni. Hii "zima uwashe" imekuwa njia ya kutufunga mdomo, kwa sababu inafuta ushahidi. Na shida ikikosa ushahidi, lawama haipotei hewani. Inateremka ngazi moja moja hadi impate yule wa chini kabisa ambaye hawezi kujitetea. Nimeliona hilo nyumbani kwetu, nikaliona tena kazini, ndani ya miezi hiyo hiyo. Kaa hapo nikueleze.

Tunaishi ghorofa ya tatu kwa ploti ya nyumba 24, huku Eastlands. Ni mimi, mama, na mdogo wangu ambaye yuko kidato cha tatu. Intaneti yetu ni ile wengi wenu mnaijua. Kampuni imeleta waya mmoja wa faiba hadi kwa ploti, ukaingia kwenye kisanduku cha chuma pale kwa ngazi. Ndani ya kisanduku kuna kifaa cha kugawa, wanakiita swichi, na kutoka hapo nyaya zinatambaa hadi kwa kila keja. Unalipa kwa M-Pesa mwisho wa mwezi, maisha yanaendelea. Bei ni nafuu, na siku nyingi inafanya kazi poa. Sitawaongopea.

Mimi natengeneza video. Hiyo ndiyo kazi, hata kama shangazi yangu bado ananiuliza nitaanza kazi lini. Ijumaa moja ya Februari nilikuwa laivu jioni, nauzia viatu mteja wangu wa Kamukunji. Watu wameanza kuuliza saizi, picha ikaganda. Mdomo wazi, kiatu mkononi. Dakika 12 baadaye mtandao ukarudi, watu wameshaenda zao. Ikakatika tena mara mbili usiku huo huo. Mteja alikuwa amenilipa nusu. Ile nusu ingine, 4,000, mpaka leo naisikia kwa redio. Simlaumu. Yeye alilipa watu waone viatu, wakaona sanamu.

Nikapiga simu kwa kampuni. Zima uwashe. Nikazima, nikawasha, ikakubali, nikasema asante sana dada. Siku nne baadaye, shida ile ile. Nikapiga tena, zima uwashe. Simu ya nne ndiyo iliyoleta balaa nyumbani, kwa sababu nilikuwa nimeweka spika na mama anasikia. Dada wa kastoma kea akauliza, kwa adabu kabisa, tuna vifaa vingapi. Nikamwambia sita. Akasema, "Hivyo ni vingi. Pengine kuna mtu hapo anacheza gemu au anadanilodi filamu."

Mama hakusubiri simu iishe. Simu ya mdogo wangu ilichukuliwa usiku huo na kufungiwa kabatini, chini ya leso. Wiki mbili. Kijana akilia kwamba anaitumia kutafuta karatasi za mitihani ya zamani, nani atamwamini? Ako na miaka 16, anapenda gemu, na mtu wa kampuni amesema. Kesi imefungwa.

Jumanne iliyofuata, simu yake ikiwa bado kabatini, mtandao ukakatika saa moja jioni kama kawaida. Hakuna aliyemwomba msamaha. Hata mimi.

Sasa, kabla mafundi hamjanirukia, nakubali: kuzima na kuwasha husaidia mara nyingi. Ruta ni kompyuta ndogo. Programu yake hukwama, kumbukumbu yake hujaa, au inapotezana na mtambo wa upande wa pili. Ukiizima na kuiwasha, inaanza upya kama mtu aliyelala usingizi mzuri. Ikitokea mara moja kwa miezi miwili, zima, washa, endelea na maisha.

Lakini ukilazimika kufanya hivyo mara mbili kwa wiki, hiyo si dawa tena. Ni kama kumeza panadol kila siku kwa jino lililooza. Na ona kinachopotea ukizima: taa gani ilikuwa nyekundu, tangu saa ngapi, na kile ruta ilichokuwa imejiandikia. Ruta nyingi za bei ya chini husahau yote zikizimwa. Umepanguza eneo la tukio kabla polisi hawajafika, na aliyekuamuru upanguze ni yule yule anayepaswa kuchunguza.

Halafu kuna ujanja mwingine. Shida yetu ilikuwa inadumu kama dakika 12. Kastoma kea wanakuweka kwa foleni dakika tisa unasikiza muziki. Unapata mtu, anakwambia uzime, uhesabu hadi 30, uwashe, usubiri taa. Dakika 12 zimeisha! Imepona! Hata ungeiombea ingepona. Hata ungeipigia magoti na kuipaka mafuta ingepona. Lakini kwa rekodi zao imeandikwa "mteja amesaidiwa", na wewe unabaki ukiamini kwamba ruta yako ndiyo mbovu.

Siwalaumu wale dada na kaka wa simu. Wanasoma maneno waliyoandikiwa, na wanahesabiwa simu ngapi wamemaliza kwa saa. Nalaumu aliyeandika hayo maneno na kusahau kuweka "inaanza saa ngapi?" pale juu.

Basi nikanunua daftari. La shule, la kurasa 96. Nikachora safu nne: tarehe, saa ilipokatika, saa iliporudi, taa zilivyokuwa. Na kila ikikatika, badala ya kukimbilia swichi ya ukutani, nikawa napiga hodi tatu. Zinafanywa kwa amri inayoitwa ping kwenye kompyuta, au programu ya bure kwa simu, na mtu yeyote anaweza.

Hodi ya kwanza ni kwa ruta yako mwenyewe. Anwani yake mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, angalia kibandiko chini yake. Ikijibu, basi simu yako na ruta wanaelewana, na waifai si mchawi.

Hodi ya pili ni kwa 8.8.8.8, seva ya Google inayojulikana dunia nzima. Ruta ikijibu na hii inyamaze, njia imekatika nje ya mlango wako.

Hodi ya tatu ni kwa jina, tuseme google.com. Nambari ikijibu na jina likatae, shida iko kwa kitabu cha majina, ile seva ya DNS inayogeuza majina kuwa nambari. Hiyo unaweza kuibadilisha mwenyewe kwenye mipangilio ya simu kwa dakika mbili.

Wiki tatu nimeandika. Jibu likawa lile lile kila mara: ruta inajibu, 8.8.8.8 kimya. Taa ya stima kijani, taa ya waifai kijani, taa ya intaneti nyekundu. Kumaanisha mdogo wangu hana hatia, waifai haina hatia, na ruta haina hatia. Shida iko kati ya mlango wetu na dunia. Lakini kwa nini jioni? Na kwa nini siku zingine tuko sawa kabisa?

Aliyelitatua si mimi. Ni mama. Alikuwa anatafuta karatasi aandike michango ya chama, akachukua daftari langu, akafunua, akaliangalia sana. Halafu akaniuliza, "Kwani uliandika ratiba ya maji ya nini?"

Nikamwambia hiyo si ratiba ya maji.

"Si hii hapa? Jumanne, Ijumaa. Jumanne, Ijumaa. Saa moja, saa moja na nusu."

Wueh. Nikakaa chini.

Kama unaishi Nairobi unajua maji huja kwa zamu. Upande wetu ni mara mbili kwa wiki, jioni. Yakija yanaingia kwa tangi la chini, halafu keateka anawasha pampu iyapandishe kwa matangi ya juu. Na hapo ndipo kila kitu kilipo. Mota ya pampu, ile sekunde inaanza kuzunguka, inavuta stima mara nyingi zaidi ya inavyovuta ikishazunguka. Nguvu ya umeme kwa waya huo inashuka kwa muda mfupi. Na pampu ya ploti yetu iko kwa mita moja na taa za ngazi, na kwa waya huo wa taa za ngazi ndipo kampuni ilipochomeka swichi yake. Kwa nyumba zetu, ambazo ziko kwa mita zingine, huoni hata balbu ikipepesa. Lakini kile kifaa kwa kisanduku kinazimika na kuwaka upya. Kikishawaka, ruta 24 zinaanza kugombania kujisajili tena kwa kampuni, na mtambo wa kampuni bado unadhani wako ndani, unawakatalia hadi muda wa zamani uishe. Sekunde mbili za stima kushuka zinakuwa dakika 12 za giza. Na pampu yenyewe hujizima na kujiwasha mara kadhaa, kulingana na maji yanavyoingia. Ndiyo maana ilikuwa inarudia.

Sikutaka kubahatisha. Ijumaa hiyo nikasimama kwa ngazi nachungulia kisanduku kupitia matundu yake, simu inarekodi. Mdogo wangu akabaki nyumbani na laptopu. Keateka, mzee wa watu, akakubali kutusaidia. Nikapiga kelele, "Mzee, washa!" Pampu ikanguruma, taa zote ndani ya kisanduku zikafa pamoja kisha zikaanza kuwaka moja moja, na kutoka juu nikasikia kijana akiita, "Imeenda!" Tukajaribu mara tatu. Mara tatu, vile vile.

Usidhani haya ni mambo ya ploti za Nairobi tu. Kule Wales kuna kijiji kinaitwa Aberhosan. Mwaka wa 2020 ilitangazwa kwamba kwa miezi 18 intaneti ya kijiji ilikuwa inasumbua kila asubuhi saa moja. Mafundi walibadilisha hadi nyaya, wapi. Mwishowe wakaenda na kifaa cha kunasa mawimbi, wakatembea nacho alfajiri, wakakuta televisheni kuukuu ya mkazi mmoja: kila akiiwasha ilikuwa inatoa kelele za umeme zinazovuruga nyaya za simu za kijiji kizima. Mwenyewe hakuwa na habari, akaona aibu, akaahidi hataiwasha tena. Tofauti yetu ni moja. Kule, hatimaye, kampuni ya nyaya ndiyo iliyotuma watu kutafuta. Huku tumejitafutia wenyewe.

Na hapo ndipo hasira yangu ilipo. Nilituma video kwa kampuni. Fundi akaja, akatazama, akasema kweli mmejua, lakini hiyo ni shida ya stima ya ploti, si yetu. Tukampigia landilodi. Akasema hicho kisanduku si chake, alikiruhusu kukaa pale kwa hisani. Kila mmoja akaweka mikono mfukoni. Mwishowe tukachanga kwa kikundi cha WhatsApp cha ploti, 150 kila nyumba, zikafika 3,600, tukanunua betri ndogo ya kushikilia stima ikishuka. Fundi huyo huyo akaja kuifunga. Tangu siku hiyo pampu inanguruma na mtandao unaenda.

Majirani walifurahi sana, wakaniita injinia. Mimi sikufurahi. Angalia hesabu: mimi nimefanya upelelezi, mama amefanya uhandisi, keateka amefanya majaribio, wapangaji wametoa pesa ya dawa. Kampuni imefanya nini? Imepokea malipo kamili ya miezi minne kutoka kwa nyumba 24, bila kurudisha hata bob. Na kijana wa miaka 16 amekaa wiki mbili bila simu kwa kosa la pampu ya maji. Hatukushinda. Tumejilipia matibabu ya ugonjwa wa mtu mwingine.

Ya nyumbani yana nafuu, kwa sababu mama alikuja kumrudishia mdogo wangu simu na chapati juu yake. Ya kazini yaliacha alama.

Siku tatu kwa wiki nahariri video kwa ofisi moja ndogo tauni. Watu tisa. Mwezi wa tatu mtandao pale ukaanza vituko. Asubuhi wengine wako sawa, wengine simu na laptopu zinasema zimeunganishwa lakini hakuna intaneti. Kesho yake wanabadilishana. Aliyekuwa sawa jana leo hana. Ukizima na kuwasha unaweza kupata, unaweza kukosa, kama bahati nasibu. Wiki hiyo hiyo kulikuwa kumeingia mwanagenzi, msichana wa chuo aliyekuja kwa mafunzo ya kazini na laptopu yake mwenyewe. Unaona inakoelekea.

Kikao cha Jumatatu, bosi akasema mbele ya watu wote kwamba shida imeanza tangu "laptopu za nje" ziletwe, na kuna watu wanadanilodi vitu visivyo vya kazi. Hakumtaja. Hakuhitaji kumtaja, vichwa vyote vilimgeukia. Kuanzia siku hiyo akakatazwa waifai ya ofisi. Alikuwa analipwa nauli tu, na kwa nauli hiyo akawa ananunua bando afanye kazi ya ofisi. Nilikuwa kwa hicho kikao. Nilinyamaza. Hilo nalibeba mimi.

Mtandao haukupona, bila shaka. Nilipokuja kupata akili za daftari kule nyumbani, nikaanza kuangalia anwani za mashine pale ofisini. Zilizokuwa sawa zilikuwa na anwani zinazoanza na 192.168.1. Zilizokwama zilikuwa na 192.168.0. Familia mbili tofauti ndani ya nyumba moja. Hiyo ina maana moja: kuna ruta mbili zinazogawa anwani.

Chukulia hivi. Ukiingia kwa gesti, mtu wa mapokezi anakupa nambari ya chumba. Mashine ikiingia kwa mtandao nayo inauliza, "Nikae wapi?" na inamfuata yule atakayejibu kwanza. Sasa pale ofisini kulikuwa na mapokezi wawili. Mmoja wa kweli. Mwingine anagawa funguo za gesti isiyo na vyumba. Ukimpata huyo, umeunganishwa, lakini huendi popote. Na kwa kuwa ni mbio za nani atajibu kwanza, kila asubuhi waathiriwa ni wengine.

Nikafuata nyaya. Zikanipeleka ofisi ya bosi. Nyuma ya kabati lake kulikuwa na ruta kuukuu aliyoitoa kwake nyumbani ili apate waifai nzuri akiwa kwa meza yake, na ameichomeka kwa waya wa ofisi kwenye tundu lisilofaa. Aliiweka wiki ile ile msichana aliingia.

Nikamwonyesha. Akacheka, akasema, "Ah, kumbe!" Akachomoa. Mchana huo mashine zote tisa zikawa sawa, na mpaka leo ziko sawa.

"Ah, kumbe." Basi. Hakuna kikao cha Jumatatu kilichoitishwa kusema tumekosea. Msichana alikuwa amemaliza mafunzo yake wiki mbili kabla, na kwa fomu ya tathmini ya chuo bosi alikuwa ameandika kwamba anatumia vibaya rasilimali za ofisi. Fomu hiyo iko kwa faili yake sasa hivi. Nimemwomba bosi aandike barua ya kusahihisha. Amesema tutaona. Nimemwomba tena. Naandika tarehe za kuomba kwa lile daftari langu.

Ndiyo maana nakasirika mtu akiniambia mambo ya intaneti ni madogo. Hapakuwa na aliyepima, kwa hivyo aliyekuwa na cheo akaamua. Na mwenye cheo akiamua bila kupima, huwa hajichagui mwenyewe.

Sasa sisi wateja pia tusijifanye malaika. Wengi wetu tunatukana kampuni kwa makosa ya ukuta wetu. Ruta umeificha nyuma ya TV, ndani ya kabati, umeifunika kitambaa cha kushona, halafu unalia chumbani ni polepole. Mawimbi ya 2.4 GHz yanapenya ukuta vizuri zaidi lakini yanabanana na ya jirani zako wote, na hata maikrowevu ikiwa inapasha chakula inaweza kuyasumbua. Yale ya 5 GHz yana kasi, lakini ukuta wa mawe unayachosha haraka. Kwenye 2.4 kuna chaneli tatu tu ambazo haziingiliani, 1, 6 na 11, na kwa ploti kama yetu kuna ruta 24 zinazipigania. Kwa hivyo kabla ya kutukana mtu, chukua waya, chomeka laptopu moja kwa moja kwa ruta, upime tena. Kwa waya iko sawa na kwa waifai ni mbovu? Hiyo ni yako, sogeza ruta. Kwa waya pia ni mbovu? Sasa piga simu. Ukipigia kampuni kelele kwa kosa lako, umewapa sababu ya kukupuuza siku kosa likiwa lao.

Na kuna kisingizio kingine nakijua: "Ni waya za chini ya bahari." Ndiyo, hukatika. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom ziliharibika karibu na Afrika Kusini, Afrika Mashariki ikayumba, Mamlaka ya Mawasiliano ikatoa taarifa. Tulielewa, tukavumilia. Lakini ndugu yangu, waya wa bahari haukatiki Jumanne na Ijumaa saa moja jioni kwa ploti moja ya Eastlands.

Kwa hivyo haya ndiyo ninayotaka, na sioni kama ni makubwa.

Kwanza, kampuni ziulize saa kabla ya kuamuru chochote. Mteja akipiga mara ya tatu ndani ya mwezi, "zima uwashe" iwe marufuku kwake. Atumiwe fundi.

Pili, fundi akishapata shida, sababu iandikwe na mteja atumiwe, hata kwa meseji. Si "imerekebishwa". Ilikuwa nini?

Tatu, siku zilizopotea zirudishwe kwa bili. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mteja haki ya huduma ya kiwango kinachofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji, na haki ya fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Ukilalamika kwa kampuni ikanyamaza, unaruhusiwa kupeleka malalamiko yako kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Lakini huko usiende na "mtandao ni mbaya bana". Nenda na daftari. "Mtandao ni mbaya" ni kilio. "Jumanne saa 1:04 jioni hadi saa 1:16, taa ya intaneti nyekundu, ruta inajibu, nje kimya, mara 14 kwa wiki saba" ni kesi.

Nne, na hii ni ya mabosi, wazazi, na mimi mwenyewe: kabla ya kumwonyesha mtu kidole, piga hodi tatu. Huwezi kupiga hodi tatu? Basi funga mdomo.

Leo ni Jumanne. Saa moja na dakika nane, pampu inanguruma huko chini, na mdogo wangu anacheza gemu hapa karibu yangu, kwa kelele, na hakuna anayemwambia kitu. Daftari limebaki kurasa 61. Kama kwenu inakatika, leo usiku usizime. Andika saa. Fanya hivyo wiki mbili, halafu nitumie kurasa zako tuzisome pamoja. Na kama uko na mama anayejua siku za maji, mwonyeshe yeye kwanza.